Uotaji wa Viumbe kwenye Nyenzo za Kuvuna Urani Baharini: Historia ya Tatizo na Uzito wa Jina Lake

Ikisiri

Tangu wanasayansi waanze kuzamisha baharini nyenzo za kunasa urani, kikwazo kimoja kimekuwa kikiwarudia: viumbe wa baharini hujibandika kwenye nyenzo hizo, wakakua juu yake na kuzifunika. Makala hii inafuatilia historia ya kikwazo hicho kuanzia kwenye manowari za karne ya 18, kupitia kiwanda cha bromini cha Marekani na rangi za meli zenye misombo ya bati, hadi kwenye majaribio ya Japani na Marekani ya kuvuna urani. Makala inadai kwamba historia hiyo ina tiba kuu mbili, yaani sumu na ratiba, na kwamba nyenzo za kunasa madini haziwezi kuibeba ya kwanza bila kupoteza kazi yake. Aidha, inaonesha kwamba jina ambalo Kiswahili kitalipa tatizo hili litaathiri tiba itakayofikiriwa.

1.0 Utangulizi

Kila tani ya maji ya bahari ina takribani miligramu 3.3 za urani iliyoyeyuka. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini bahari ni kubwa. Kwa jumla, urani iliyomo baharini inakadiriwa kuzidi tani bilioni 4, kiasi ambacho ni mamia ya mara ya akiba inayojulikana nchi kavu. Hesabu hii ndiyo iliyowavuta watafiti wa mataifa kadhaa kwa zaidi ya nusu karne.

Ipo hesabu ya pili ambayo haina mvuto kama ya kwanza. Ili kupata kilo moja ya urani, hata kama hakuna chembe inayopotea, maji yasiyopungua tani 300,000 hayana budi kugusana na nyenzo ya kunasa. Kwa sababu hiyo, nyenzo hiyo inapaswa kuwa na sifa tatu: iwe na eneo kubwa la uso, iwe wazi kwa maji yanayopita, na ikae majini kwa muda mrefu. Sifa hizo tatu ndizo pia zinazotafutwa na viumbe wa baharini wanaohitaji mahali pa kujishikiza.

Mchakato wa viumbe hao kuota unajulikana vizuri. Ndani ya dakika chache baada ya kitu kuzamishwa, molekuli za viumbehai zilizomo majini hutandaa juu yake. Katika saa na siku zinazofuata huja bakteria ambao hujenga utando wenye kunata. Utando huo huwapokea dayatomu, yaani viumbe wa chembe moja wanaoishi kwa mwanga, pamoja na mbegu za mwani. Baada ya wiki kadhaa hufika viluwiluwi vya kome, chaza na wanyama wengine wenye magamba ya chokaa. Kwenye jiwe, mfululizo huo ni mwanzo wa makazi mapya. Kwenye kitambaa cha kunasa urani, kila hatua yake ni hasara: vinyweleo huziba, maji hayapenyi, kamba huelemewa na uzito, na sehemu zilizotengenezwa kushika urani hubaki zimefunikwa.

Swali la makala hii ni la kihistoria. Wanadamu wamepambana na uotaji huu tangu walipoanza kusafiri kwa vyombo vya mbao. Je, kwa nini maarifa yote hayo hayakuwasaidia moja kwa moja wavunaji wa madini ya bahari?

2.0 Shaba ya Manowari na Deheni ya Majahazi

Mwaka 1761, jeshi la majini la Uingereza liliifunika sehemu ya chini ya manowari HMS Alarm kwa mabati ya shaba. Lengo la kwanza lilikuwa kuzuia mnyama wa baharini anayetoboa mbao, lakini ilionekana kwamba shaba ilizuia pia mwani na magamba. Kasoro ilijitokeza baadaye: misumari ya chuma iliyogusana na shaba ililika upesi katika maji ya chumvi. Hata hivyo, tatizo la misumari lilipopatiwa ufumbuzi, shaba ilienea katika kundi zima la manowari hizo kufikia miaka ya 1780.

Shaba yenyewe nayo ililika. Mwaka 1824 mkemia Humphry Davy alipendekeza ivalishwe vipande vya chuma au zinki ili metali hiyo iliwe badala yake. Kikemia, pendekezo lilifaulu, kwani shaba iliacha kulika. Lakini meli zilizolindwa kwa njia hiyo zilirudi bandarini zikiwa zimeota mwani na magamba, na mpango ukaachwa. Kushindwa huko kulifichua jambo la msingi. Shaba haikuwazuia viumbe kwa kuwa ngumu au laini. Iliwazuia kwa kuyeyuka. Ilikuwa sumu inayotolewa kidogo kidogo, na ilipozuiwa kuyeyuka ilikoma kuwa dawa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mabaharia walifuata njia nyingine, na msamiati wa Kiswahili unaihifadhi hadi leo. Chombo kilijahabiwa, yaani kilipandishwa pwani ili kishughulikiwe. Mara nyingi kazi hiyo ilifuata maji ya bamvua: chombo hupandishwa maji yanapojaa sana na kubaki kikavu yanapokupwa. Viumbe walioota hukwanguliwa, sehemu ya chini huunguzwa kwa moto wa makuti, nyufa hukalafatiwa, kisha hupakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta yatokanayo na papa. Deheni haikutarajiwa kudumu milele. Ilitarajiwa kudumu hadi zamu ijayo, nayo zamu ilijulikana kwa mwezi na kwa pepo za kaskazi na kusi.

Tofauti ya njia hizi mbili isichukuliwe kuwa tofauti ya usasa na ukale, wala isipambwe. Kujahabu chombo ni kazi nzito inayohitaji watu wengi na siku kadhaa bila kipato. Manowari iliyopaswa kukaa baharini kwa miaka isingeweza kuitegemea. Lililo muhimu ni kwamba njia ya kwanza inamtaka kiumbe asifike kamwe, na ya pili inakubali kwamba atafika, ikapanga siku ya kumwondoa.

3.0 Bromini, Bati na Gharama ya Sumu

Kiwanda cha kwanza kikubwa cha kuvuna elementi moja mahususi kutoka maji ya bahari kilikuwa kile cha bromini kilichoanza kazi mwaka 1934 huko Kure Beach, North Carolina, chini ya kampuni ya Ethyl-Dow. Maji ya bahari yana takribani gramu 65 za bromini kwa kila tani, yaani karibu mara 20,000 ya kiasi cha urani. Aidha, mbinu yenyewe ilihusu kuyatia maji asidi na kisha klorini ili bromini ijitenge. Maji yaliyotiwa klorini hayana viumbe wengi wa kuota ndani ya mitambo. Kwa hiyo, kemia iliyovuna madini ilikuwa wakati huohuo kemia ya kuua viumbe, na tatizo lilibaki hasa kwenye njia za kuingizia maji.

Mahali hapo pana nafasi nyingine katika historia hii. Mwaka 1935, Frank LaQue wa kampuni ya International Nickel alianza kutumia maji ya kiwanda hicho kupima jinsi metali zinavyostahimili bahari. Kure Beach ikawa miongoni mwa vituo mashuhuri duniani vya kuchunguza kutu ya baharini na uotaji wa viumbe. Mwaka 1952, taasisi ya bahari ya Woods Hole ilitoa kitabu kikubwa kuhusu uotaji na uzuiaji wake, kilichotayarishwa kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Maarifa ya nyanja hii, kwa sehemu kubwa, yalikusanywa kwa mahitaji ya meli: chombo kinachopita majini na kisichohitaji kupokea chochote kutoka humo.

Kilele cha tiba ya sumu kilikuwa rangi zenye misombo ya bati, hasa TBT, zilizoenea kuanzia miaka ya 1960. Zilifanya kazi vizuri mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, waliona chaza wao wakishindwa kuzaliana na magamba yao yakinenepa isivyo kawaida. Konokono wa baharini wa kike katika sehemu mbalimbali walionekana wakiota viungo vya kiume. Ufaransa iliweka vizuizi mwaka 1982 kwa vyombo vidogo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti rangi za aina hiyo ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Sumu iliyokusudiwa kulinda meli ilikuwa imewafikia wale waliokuwa wakiila bahari.

4.0 Urani: Kutoka Pampu hadi Mkondo

Utafutaji wa urani baharini ulishika kasi baada ya watafiti wa Uingereza kuchapisha matokeo yao katika jarida la Nature mwaka 1964. Waliona kwamba oksidi ya titani yenye maji inaweza kuinasa urani. Japani, nchi isiyo na akiba kubwa ya nishati ardhini mwake na iliyotikiswa na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, iliendeleza wazo hilo kwa bidii. Katikati ya miaka ya 1980 ilijenga kiwanda cha majaribio huko Nio, katika kisiwa cha Shikoku, ambamo maji ya bahari yalisukumwa kupita kwenye oksidi hiyo. Urani ilipatikana, lakini hesabu ya tani 300,000 ilijidhihirisha. Kusukuma maji mengi kiasi hicho kwa ajili ya kilo moja kulihitaji nishati na fedha zisizolipika.

Njia mbili za utafiti zilikutana kutatua tatizo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani Magharibi, kilizilinganisha nyenzo nyingi na kubaini kwamba kikundi cha kikemia kiitwacho amidoksimu huishika urani vizuri katika maji ya bahari. Huko Takasaki, Japani, watafiti walipata namna ya kukipandikiza kikundi hicho kwenye nyuzi za poliethilini kwa kutumia mnururisho. Kwa nyuzi hizo, pampu haikuhitajika tena. Kitambaa kingening'inizwa baharini, na mkondo wenyewe ungeleta maji.

Kati ya mwaka 1999 na 2001, wazo hilo lilijaribiwa katika bahari ya Mutsu, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu. Kilo 350 za kitambaa ziliwekwa katika vizimba na kuzamishwa kwa vipindi mbalimbali. Baada ya jumla ya siku 240, zaidi ya kilo moja ya urani katika umbo la unga wa manjano ilikuwa imekusanywa. Baadaye watafiti walitengeneza nyuzi zilizosukwa kama mwani mrefu, zinazosimama zenyewe majini, wakazijaribu Okinawa. Huko kila kilo ya nyenzo ilinasa takribani gramu 1.5 za urani kwa siku 30, ikilinganishwa na gramu 0.5 huko Mutsu kwa muda kama huo. Sababu mojawapo ilikuwa joto: amidoksimu huinasa urani vizuri zaidi katika maji ya vuguvugu.

Hapa ndipo historia ya meli na historia ya madini zilipogongana. Kuachana na pampu kulimaanisha kuachana na kiwanda, pamoja na vichujio na klorini yake. Nyenzo ilikuwa sasa mkazi wa bahari. Aidha, joto linaloongeza mavuno ndilo linaloharakisha uotaji.

5.0 Giza, Joto na Muda

Kuanzia mwaka 2011, Wizara ya Nishati ya Marekani iliunganisha maabara kadhaa katika mpango mpya wa urani ya bahari. Majaribio ya kuzamisha yalifanyika hasa katika maabara ya bahari iliyoko Sequim, jimbo la Washington. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yanahusu uotaji moja kwa moja. Nyenzo zilikaa siku 42 katika maji ya bahari, mengine yakiwa yamechujwa na mengine la, baadhi katika mwanga na baadhi gizani. Palipokuwa na mwanga na maji yasiyochujwa, kiasi cha urani kilichonaswa kilipungua kwa hadi asilimia 30. Gizani, hata maji yasiyochujwa hayakuleta upungufu mkubwa.

Matokeo hayo yanaeleweka kutokana na mfululizo uliotajwa awali. Dayatomu na mwani huhitaji mwanga. Vikikosekana, tabaka kubwa la uotaji hukosa wajenzi wake. Pendekezo lililofuata lilikuwa kuzamisha nyenzo chini ya kina kinachofikiwa na mwanga. Lakini maji ya kina yana baridi zaidi, na baridi hupunguza unasaji. Anayekimbia mwani hukutana na baridi, na anayefuata joto hukutana na mwani.

Je, tiba ya shaba haiwezi kurudishwa hapa? Jibu la kikemia ni gumu. Amidoksimu haishiki urani pekee. Hushika pia vanadi, ambayo ni mshindani mkubwa, pamoja na shaba, zinki na chuma. Rangi inayoachia shaba karibu na kitambaa hicho ingelisha nafasi za kunasa kwa shaba yenyewe. Vilevile, rangi yoyote nzito ingeufunika uso ambao kazi yake ni kubaki wazi. Meli inaweza kuvaa sumu kwa sababu haitaki kitu kutoka majini. Kitambaa cha kunasa kimetengenezwa ili kipokee, na kinachopokea hakiwezi kufunga mlango kwa mgeni mmoja tu kwa urahisi.

Watafiti hawajakata tamaa na njia hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Hainan, China, zimetengenezwa nyuzi zilizounganishwa na viambata vinavyoua bakteria, kwa lengo la kuzuia utando wa mwanzo. Kwa kuwa viambata hivyo vimefungwa kwenye nyuzi zenyewe, havikusudiwi kuyeyuka kama shaba. Hata hivyo, somo la Arcachon linadai uangalifu. Shamba la kunasa urani lenye tija lingehitaji nyuzi nyingi mno zilizotandazwa katika eneo kubwa, na chochote kitakachomeguka kutoka kwenye nyuzi hizo kitabaki baharini.

Tiba inayobaki ni ratiba: kuchagua siku ya kuzamisha na siku ya kutoa, ili nyenzo ipate sehemu kubwa ya urani kabla magamba hayajakomaa, kisha isafishwe na kurudishwa. Tiba hii nayo ina gharama, kwa kuwa kila safari ya kuinua vizimba huhitaji meli na wafanyakazi, na nyenzo hupoteza sehemu ya uwezo wake kila inapooshwa na kutumiwa tena. Hata hivyo, gharama yake humwangukia anayevuna, wakati gharama ya sumu humwangukia jirani.

6.0 Uzito wa Jina

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na dhana hii, neno linalomjia haraka ni "uchafuzi", likiongezewa kivumishi cha kibayolojia. Neno hilo lina kasoro mbili. Kwanza, limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuharibu mazingira kwa taka na sumu, kama katika "uchafuzi wa bahari". Sheria au mwongozo utakaotumia neno moja kwa mwani ulioota kwenye kamba na kwa misombo ya bati iliyomwagika majini utamchanganya msomaji kuhusu nani ametenda na nani ametendewa. Katika ghuba ya Arcachon, rangi ya kuzuia viumbe ndiyo iliyochafua. Viumbe ndio waliochafuliwa. Pili, uchafu huita usafishaji wa kudumu. Anayeona uchafu hutafuta dawa ya kuumaliza.

Makala hii imetumia "uotaji wa viumbe". Kitenzi "ota" kinatumika kwa mmea, kwa kuvu, kwa jino na kwa kitu kinachojitokeza juu ya kingine, na hakimhukumu kinachoota. Kinakubali pia unyambulishaji unaohitajika katika maandishi ya kitaalamu: chombo kilichootwa, nyenzo isiyooteka, dawa ya kuzuia uotaji.

Watafiti wa Japani wenyewe walikwisha kugusa sitiari inayolingana na hii. Makala yao ya mwaka 2003 kuhusu majaribio ya Mutsu, yaliyoongozwa na Noriaki Seko, iliita kazi hiyo ufugaji wa urani baharini, kwa neno litumikalo kwa ufugaji wa samaki na kilimo cha mwani. Kama ni kilimo, basi kinachoota pasipotakiwa ni magugu, na dawa ya kwanza ya magugu ni palizi.

Wasemaji wa Kiswahili wana mfano hai wa palizi ya aina hiyo. Tangu kilimo cha mwani cha kibiashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, wakulima, ambao wengi wao ni wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani, wamekuwa wakifunga mbegu kwenye kamba, wakizitembelea maji yanapokupwa wakati wa bamvua, wakiondoa mimea mingine iliyoota juu yake, na kuvuna baada ya takribani wiki 6. Wao pia wamekabiliwa na joto la maji ya kina kifupi linaloudhoofisha mwani, na baadhi wamejaribu kuhamia maji yenye kina zaidi. Zao lao si urani, na sababu za ratiba yao si zilezile. Lakini maamuzi ya kina, joto na siku ya kutoa wanayafahamu kwa uzoefu, na istilahi za shughuli hiyo zimo vinywani mwao.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inajibu swali la utangulizi. Maarifa ya kuzuia uotaji yalitokana hasa na meli, na meli ilijilinda kwa kuyeyusha sumu. Nyenzo ya kunasa madini haiwezi kufanya hivyo bila kuziba nafasi zake za kunasa, na bahari ya baada ya TBT haipaswi kuombwa iibebe gharama hiyo tena. Njia iliyo wazi zaidi inapitia kina, mwanga na muda, na inafanana zaidi na kujahabu kuliko na mabati ya HMS Alarm.

Kwa wanaistilahi, kuna kazi mbili za kufanya. Ya kwanza ni kutenganisha "uotaji" na "uchafuzi" kabla maneno hayo hayajaganda pamoja katika sheria, vitabu vya shule na miongozo ya mazingira ya ukanda huu. Ya pili ni kukusanya msamiati wa mafundi wa majahazi na wakulima wa mwani wangali wakiutumia. Deheni, jahabu na bamvua huonekana kama maneno ya kale kwa anayeyakuta kwenye kamusi. Kwa mtu anayepaswa kuamua nyuzi zake zikae majini siku ngapi, ni maneno ya kazi.